Wenyeji wa Mdomoni

Nimekabidhi funguo za kabati la darubini wiki tatu zilizopita, na tayari nasikia kuna mtu ameihamisha chupa ya rangi ya zambarau kutoka rafu ya juu. Simtaji jina. Anajijua. Ila kama ni yule ninayemdhania, basi ndiye huyo huyo aliyeniomba niandike kumbukumbu hizi ili wanaobaki maabara wajifunze, na nimekubali kuandika kwa sharti moja, kwamba chupa irudi mahali pake.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala na nani. Nitaandika jinsi nilivyokuwa mtu wa kushuku kila kitu kwa karibu miaka thelathini, na jinsi kushuku kwangu kulivyokaribia kumuua mwanamke mmoja na kumfukuza mtu mwingine kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba. Mkisoma mkacheka, chekeni. Lakini msome hadi mwisho.

Nilianza kazi kabla ya vita ya pili, kijana kutoka Ihanda, nimesoma shule ya misheni, suruali fupi, miguu mitupu. Hospitali yenyewe ilikuwa vyumba vinne na bati linalovuja. Nilipokelewa na dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, Mzee Petro, mtu mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea magunia. Aliniambia niloweke vioo kwenye maji ya sabuni, nivisuuze, nivikaushe kwa kitambaa ambacho yeye alikifua mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kukifua. Nadhani tabia yangu nyingine yote ilitoka pale.

Siku ya pili alinipa kijiti safi. "Mwana wange, kwaruza ufizi wako."

Nikakwaruza. Akapaka kwenye kioo, akakipitisha juu ya moto wa taa ya spiriti, akamwagia ile rangi ya zambarau, akasuuza, akakiweka chini ya darubini. Siku hizi vitabu vinasema hadubini, lakini sisi tuliizoea darubini. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza hadi kishike mwanga wa jua dirishani, na wingu likipita kazi inasimama. Nikachungulia. Niliona shanga. Shanga nyingi mno za zambarau, zimetungwa minyororo, mingine mifupi, mingine imejipinda.

Nilimuuliza Mzee Petro kama nitakufa.

"Utakufa," akasema, "lakini si kwa hao. Hao ni wenyeji. Kila mtu anao mdomoni, mimi ninao, askofu anao. Wanakula mabaki yako na hawana neno na mtu. Ukimkuta mgeni kwenye kioo, uniite mbio. Ukiwakuta wenyeji, andika tu wenyeji, uoshe kioo."

Hivyo ndivyo neno hilo lilivyoingia kwenye daftari letu la maabara. Kurasa nyingi utakuta mwandiko wake na kisha mwandiko wangu: wenyeji, wenyeji, wenyeji. Maana yake ilikuwa hakuna kitu, endelea na kazi.

Mzee Petro alistaafu miaka ya vita, na mimi nikabaki peke yangu na darubini. Nikajifunza kwamba wagonjwa ni waongo, na sisemi kwa ubaya. Mtu anayeogopa kupelekwa wodi ya kifua kikuu atakuletea makohozi ya jirani. Mmoja aliniletea ute wa yai. Nilimuuliza kuku wake anakohoa tangu lini. Wengine walinipa majina ya kaka zao, wengine walikuja na damu ya ng'ombe kwenye jani la mgomba wakisema wameitapika. Niliwakamata karibu wote, na kila nilipomkamata mmoja nilijiona mjanja zaidi. Nikaanza kushuku hata wasioniletea kitu.

Ilifika hadi kwenye kahawa. Ninyi wa huku mnajua, lakini huenda maandishi haya yakafika kwa mtu wa mbali, basi nimweleze. Kwetu mgeni akiingia nyumbani hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Mwenye nyumba huchukua punje yake kwanza na kutafuna, ili mgeni aone kwamba ni salama. Wengi hawangoji hata hilo, huchukua kwa pamoja huku wakiulizana habari. Mimi nilingoja. Nilimwangalia mwenyeji wangu hadi ameze. Watu walinitania sana, wakasema Bwana Mpima anapima hata koo za watu.

Kazi yangu nyingine ilikuwa meno. Kila mwezi siku ya soko nilipanda baiskeli hadi Nyakatuntu na koleo tatu kwenye mfuko wa turubai, nikakaa kwenye benchi nje ya banda la dawa, nikang'oa hadi jua lilipogeuka. Koleo moja ilikuwa ya meno ya mbele, moja ya magego ya juu, moja ya magego ya chini. Nilizichemsha vizuri. Hilo nalisema mapema, kwa sababu najua mtakachoanza kufikiri.

Siku moja alikuja mke wa Kabyemera, jina lake Kemilembe, mama wa watoto wawili, shavu limevimba. Gego la chini kulia lilikuwa limeoza hadi mzizi. Nililing'oa kwa kuvuta mara mbili, akatema damu, nikampa maji ya chumvi asukutue, nikamwambia atafunie upande wa pili. Akanishukuru, akashika njia. Nilimtazama akipita dukani kwa Ishengoma. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa namtazama Ishengoma, maana sikumwamini.

Ishengoma alikuwa mtu wa Muleba. Alikuja na duka la chumvi na vitenge, akapata kibanja, akapanda migomba, akabaki. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba kibanja chake kilipakana na cha Kabyemera, na wawili hao walikuwa wamegombania mlamula, ule mti tunaoupanda mpakani. Kila mmoja alisema mwenzake ameung'oa na kuusogeza. Siku ile Kemilembe alipopita, Ishengoma alimpa pole ya jino na kumnyooshea kikapu cha kahawa. Kemilembe akachukua punje, akatafuna kwa upande wa kushoto kama nilivyomwelekeza.

Baada ya wiki chache wakamleta Kemilembe hospitali kwenye machela. Alikuwa amekonda hata sikumtambua mara moja. Homa yake haikuwa kali ila haikukatika, jasho kila alfajiri, uchovu wa kushindwa kushika kikombe. Alikuwa amekwisha kunywa kwinini bila nafuu. Nilipima damu yake siku ya kwanza, nikaitafuta malaria, hakuna. Nikatafuta homa ya papasi, hakuna. Nilirudia siku tatu mfululizo.

Kabyemera alikuja dirishani kwangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi.

"Shikamoo, Bwana Mpima."

"Marahaba."

"Umeona nini kwenye damu?"

"Bado sijaona kitu."

"Basi homa isiyoonekana kwenye kioo inatoka wapi, waitu?" Akasogea karibu zaidi. "Siku ile ulipomng'oa jino alipita kwa Ishengoma. Alipewa kahawa. Yaweza kuwa sumu?"

Jibu lilikuwa moja tu, kwamba sijui. Mtu mwenye darubini hakatazwi kusema hajui. Lakini niliuona uso wa Ishengoma pale dukani, nikaukumbuka mlamula, nikajiona tena mjanja.

"Siwezi kukataa," nikasema. "Kahawa hubeba mengi."

Maneno hayo mawili matatu yalitangulia kufika Nyakatuntu kabla ya Kabyemera mwenyewe.

Daktari wetu wakati ule alikuwa Mzungu wa misheni, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake safi kuliko cha wengi wetu tuliokua tukiongea Kinyambo. Aliamua tuoteshe damu. Tulikuwa na chupa chache zenye supu safi ya nyama, zilizofungwa na kuletwa kutoka maabara kubwa ya ng'ambo ya ziwa. Unaingiza damu ya mgonjwa, unaifungia kwenye sanduku la mbao lenye taa ndogo ya mafuta ili ikae na joto la mwili, unangoja. Kama kuna mdudu ndani ya damu, supu inachafuka.

Nesi Yustina, binti wa huko huko Nyakatuntu, ndiye aliyetoa damu. Siku ya tatu supu ilikuwa na ukungu. Nilichota tone, nikapaka, nikamwagia zambarau, nikageuza kioo kushika jua.

Shanga. Minyororo ya shanga, ile ile niliyoiona siku yangu ya pili kazini.

Nilikasirika kweli. Mate yameingia kwenye chupa ya thamani. Nilikwenda wodini moja kwa moja.

"Yustina, uliimba?"

"Wapi?"

"Ulipokuwa ukitoa damu ya mke wa Kabyemera. Wewe huimba ukifanya kazi. Umeitemea chupa."

"Kaka Zakaria, mgonjwa alikuwa analia. Ningeimba nini?"

Sikumwamini. Niliimwaga ile supu, nikaandika kwenye daftari wenyeji, uchafu, irudiwe. Nilimwambia Daktari kwamba chupa imeharibiwa na uzembe, na nilihakikisha Yustina ananisikia. Tuliamua kungoja kidogo, kwa sababu mgonjwa alikuwa dhaifu na chupa zilikuwa chache. Wiki nzima ikapotea hivyo. Naomba mliweke neno hilo akilini, wiki nzima.

Mara ya pili nilitoa damu mwenyewe. Nilijifunga kitambaa mdomoni na puani, nikamsugua mkono mgonjwa kwa aidini hadi ngozi ikawa kahawia, nikafunga dirisha, nikawafukuza watu wote. Kemilembe alinitazama kwa macho makubwa, akauliza kwa sauti ndogo kama nimekuja kumwibia. Nikajaza chupa mbili. Ya tatu sikuitia damu. Niliifungua tu na kuifunga tena, nikaiweka pamoja na hizo mbili, maana sasa nilikuwa namshuku aliyepika supu.

Chupa mbili zenye damu zilichafuka zote. Ile tupu ilibaki angavu siku zote nilizoingoja. Na kwenye vioo, shanga zile zile.

Nilikaa kwenye kiti changu nikahesabu. Yustina hakuwepo. Supu ilikuwa safi. Sanduku lilikuwa safi, la sivyo chupa tupu ingechafuka nayo. Kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Hapo nilikosa mtu wa kumshuku, na nilijihisi vibaya sana, kwa sababu kilichobaki ni kwamba wale wenyeji walikuwa kweli ndani ya damu ya yule mwanamke.

Nilimpelekea Daktari vioo. Alichungulia kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Alikwenda kitandani, akamshika Kemilembe vidole, akanionyesha chini ya kucha mistari myembamba myekundu kama vijibanzi vya kuni vilivyoingia. Akanipa kile kifaa cha kusikilizia moyo. Nilizoea mlio wa mbili mbili, lakini hapa katikati kulikuwa na pumzi, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

"Ulipokuwa mtoto," Daktari akamuuliza, "magoti yaliwahi kuvimba?"

"Magoti, yakapoa, vikavimba viwiko," Kemilembe akasema. "Mama alinibeba mgongoni msimu mzima. Baadaye nikapona."

"Na jino hili lililotoka, ni lini?"

Nilijibu mimi. "Siku ya soko, Nyakatuntu."

"Nani aliling'oa?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Alinieleza pale pale, na tangu siku ile nimewaeleza wote waliopita mikononi mwangu. Ule ugonjwa wa utotoni huanzia kooni na kuvimbisha viungo, na ukiondoka huacha kovu kwenye milango midogo ya moyo. Mtoto hukua, hulima, huzaa, hajui kwamba kovu lipo. Wenyeji wa mdomoni hawana ubaya wakiwa mdomoni. Lakini jino likitoka, mishipa ya ufizi huwa wazi, na wachache wao huingia kwenye damu. Kwa mimi na wewe hufa kabla hatujafika nyumbani. Kwa mwenye kovu hupata pa kushika. Wanajishikiza kwenye ule mlango uliokwaruzika, wanajijengea, na kutoka hapo wanamwaga homa polepole kwa miezi. Zamani, alisema, wote walikufa.

"Na sasa?"

"Sasa tuna penisilini. Kama hatujachelewa."

Hakutaja wiki ile. Mimi niliitaja moyoni.

Sindano ilikuwa kila saa tatu, mchana na usiku, kwa wiki nyingi. Chupa za unga wa dawa zilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa, na mimi nililala na ufunguo wake shingoni. Yustina alichoma sindano nyingi kuliko sisi wote. Siku ya kumi hivi homa ilishuka, na Kemilembe akaomba ndizi za kupika na maharage. Nilifurahi hata nikaenda nyuma ya jiko kusimama peke yangu.

Huko nyuma ya jiko ndiko Yustina aliponikuta.

"Kaka, umesikia ya nyumbani kwetu? Migomba ya Ishengoma imekatwa. Yote ya upande wa barabara. Hakuna anayenunua chumvi kwake, hakuna anayegusa kikapu chake. Mkungu wa kijiji amemwita siku ya soko, na watu wanataka arudi Muleba kabla ya jioni."

"Nani amesema kwamba ni sumu?"

Akanitazama. "Wanasema Bwana Mpima amesema."

Daktari hakunituma Nyakatuntu. Hakuna aliyenituma. Ningeweza kukaa kimya, mgonjwa akarudi amepona, watu wakasema sumu imeshindwa na sindano, na Ishengoma akawa anauza chumvi Muleba. Nililifikiria hilo, siwafichi. Kusema ukweli maana yake ilikuwa kusimama mbele ya watu ambao ningekwenda kuwang'oa meno mwezi uliofuata na kuwaambia ugonjwa uliingilia kwenye shimo nililolifungua mimi.

Nilimwomba Yustina radhi kwa ile habari ya kuimba. Akasema amesikia. Kisha akaondoka akiimba, kwa sauti ya kutosha.

Siku ya soko, nyumbani kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji, watu walikuwa wamejaa hadi kwenye migomba. Ishengoma alikaa kwenye kigoda, kikapu chake cha kahawa kiko miguuni, kimejaa. Alikuwa amekipitisha kwa desturi na kimerudi bila kupungua punje. Kabyemera alisimama akasema mpima damu wa hospitali mwenyewe ameshindwa kukataa kwamba ni sumu. Wakanigeukia wote.

"Nilisema hivyo," nikasema. "Nilisema kitu nisichokijua. Damu ya Kemilembe haina sumu. Ina wadudu wa mdomoni mwake mwenyewe. Waliingia siku nilipomng'oa jino."

"Kwa hiyo ni wewe," Kabyemera akasema.

"Jino lilikuwa bovu, lilipaswa kutoka. Lakini sikumuuliza kuhusu magoti. Na tulipowaona wadudu, nilimwaga chupa, nikasema ni uchafu. Kama kuna mtu wa kulaumiwa hapa, ni mimi, si huyu."

Ilichukua muda. Mama yake Kabyemera aliuliza kama wadudu hao wamo mdomoni mwake pia. Nikasema wamo, na mdomoni mwangu, na mwa mkungu. Mzee mmoja alifunika mdomo kwa kiganja na hakukiondoa hadi mwisho wa kikao. Kabyemera aliuliza kama mkewe atapona. Nikasema homa imeshuka na amekula ndizi. Alikaa chini ghafla, akainamisha uso, na hasira iliyobaki ikaisha pale. Mkungu aliamua Ishengoma abaki na waliokata migomba wampe machipukizi wapande wenyewe. Kuhusu mlamula, akasema atakuja kuupima siku nyingine, na hadi leo nadhani hajaupima.

Kemilembe alitoka hospitali kwa miguu yake. Moyo wake haukurudi kuwa mzima. Hapandi kilima bila kupumzika mara mbili, na kama ile wiki niliyoipoteza ndiyo iliyomfanya hivyo, sina darubini ya kunionyesha. Nimeuliza swali la magoti kwa kila aliyekaa kwenye benchi langu tangu siku hiyo. Aliyejibu ndiyo, nilimpeleka kwa Daktari apate penisilini kwanza, ndipo koleo. Na kwenye daftari sijaandika tena wenyeji bila kuandika nimewakuta wapi. Hilo ndilo ninalowaachia. Vingine mtavisoma.

Kikao kilipokwisha watu walianza kutawanyika, ila polepole, kwa sababu Ishengoma alikuwa ameokota kikapu chake. Alikuja mbele yangu akakinyoosha. Aliijua tabia yangu, kila mtu Nyakatuntu aliijua. Akatumbukiza vidole viwili achukue punje yake kwanza, ili nimtazame akitafuna, ili nimwone akimeza.

Nilitia mkono kabla yake. Nikachukua punje, nikaitia mdomoni, nikatafuna huku watu wananitazama, na vidole vyake bado viko kikapuni. Ilikuwa chungu kidogo, na harufu yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa kahawa.